Trela ninayo, kichwa bado: shemeji asema hiki, dereva asema kile

SWALI

Hujambo kaka mshauri,

Mimi ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kondele, Kisumu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikilipa watu wa malori waniletee saruji kutoka Athi River, shilingi 110 kwa kila mfuko, na kila mwisho wa mwezi nikipiga hesabu naona faida yangu imebaki barabarani. Mwaka huu niliamua kujisafirishia mwenyewe. Kulikuwa na mnada kule Nakuru, nikanunua trela iliyotumika ya futi 40, ekseli tatu, tairi kumi na mbili, sakafu ya chuma. Waliokuwa nayo walikuwa wakibebea vyuma, kwa hiyo ni trela nzito, imejengwa ikajengeka. Logibuku inasema uzito wake ikiwa tupu ni kilo 9,500.

Sasa natafuta kichwa cha kuivuta, na hapo ndipo nimekwama. Kuna kimoja yadi ya Nakuru kilichotoka Uingereza, difu moja (yaani nyuma kina ekseli moja tu inayosukuma), nguvu za farasi 430, gia za otomatiki, kabini safi kama ya jana. Wanataka shilingi milioni 3.2. Kingine kiko Eldoret, cha mkandarasi wa barabara, difu mbili, farasi 380, gia za mkono, rangi imepauka na kiti cha dereva kimechanika. Huyu anataka milioni 3.9.

Shemeji yangu, ambaye ndiye mdhamini wangu kwenye mkopo wa sacco, ameshikilia kile cha Nakuru. Anasema farasi 430 ni 430, nani atalipa laki saba zaidi apate gari kuukuu lenye nguvu kidogo? Dereva niliyemtafuta ni mzee aliyeendesha matrela ya Kampala tangu ujanani, na yeye anasema kwa trela hii tuchukue cha Eldoret au tukae. Nikimuuliza kwa nini, anasema tu, "Mama, mlima utakuambia."

Mpango wangu ni mifuko 600 ya kilo 50 kila safari, kwa duka langu na kwa wakandarasi wawili ambao tayari wameniahidi kazi. Kurudi, natarajia kupata sukari ya Muhoroni au mzigo wowote wa Nairobi. Nilipomuuliza shemeji kuhusu mizani, alisema watu wa mizani ni watu, huwa wanazungumzika.

Mwenye yadi anataka amana kufikia Ijumaa. Sitaki kumvunjia shemeji heshima, amenisaidia pale ndugu zangu wa damu waliponikwepa. Lakini pia sitaki kulipa mkopo wa kitu kisichofanya kazi. Nitajuaje kichwa kinachoifaa trela yangu? Na nikishajua, nitamwambiaje shemeji?

Mama wa Saruji, Kisumu


JIBU

Dada yangu, hongera kwa kuthubutu, na ahsante kwa kuandika kabla ya kulipa. Kwa kuwa Ijumaa iko karibu, nianze na hilo: usilipe amana ya kichwa cha Nakuru. Kwa maelezo yako huenda kikawa na injini nzuri kuliko kile cha Eldoret. Lakini trela yako pamoja na mifuko 600 havitoshei kwake kisheria, na havingetoshea hata kama kingekuwa na farasi 600.

Shemeji anaangalia kuvuta peke yake. Trela ya aina yako huvutwa na pia hubebwa. Magurudumu yake yako nyuma tu. Mbele imelala mgongoni mwa kichwa, juu ya ile sahani nzito ya chuma ambayo mafundi wanaiita fifwili, inayoshika kingpini, yaani pini ya chuma iliyo chini ya trela upande wa mbele. Umewahi kuona mkokoteni uliopakiwa zaidi upande wa mbele: anayeuvuta anavuta, na mikono yake wakati huohuo inabeba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza farasi wangapi, uliza ni tani ngapi zitalala mgongoni mwa kichwa, na mgongo huo umeruhusiwa tani ngapi.

Kwenye mizani zetu inatumika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari. Ekseli ya usukani imepewa tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne imepewa tani 10. Ekseli mbili za nyuma zilizoandamana, kila moja na tairi nne, zimepewa tani 18 kwa pamoja. Ekseli tatu za trela kama yako, tani 24.

Chukua kalamu. Kichwa cha difu moja na trela yako: 8, jumlisha 10, jumlisha 24, ni tani 42 kila kitu kikiwa ndani. Kichwa cha namna hiyo kikiwa kitupu kina tani kama 7. Trela yako 9.5. Toa nusu tani ya dizeli, dereva, tanboi, turubai, kamba na tairi ya akiba. Unabaki na tani 25, yaani mifuko 500. Kichwa cha difu mbili: 8, jumlisha 18, jumlisha 24, ni tani 50. Chenyewe ni kizito zaidi, tani kama 9, lakini ukitoa vyote hivyo unabaki na tani 31, mifuko 620. Mifuko yako 600 inaingia, na nafasi kidogo inabaki.

Sasa jaribu kupakia hiyo 600 kwenye kichwa cha shemeji. Jumla inafika tani 47, umezidisha tano. Na hizo tano zinakaa wapi? Ekseli za trela zimeshajaa 24, kwa hiyo zote zinaangukia kichwa, na usukani hauwezi kuchukua zaidi ya 8. Ile ekseli moja ya nyuma inajikuta na tani 15 mahali pa 10. Hata ungepita mizani zote usiku wa manane, springi, hab na tairi za ekseli hiyo hazijui kama umepita.

Hapa sharti niseme waziwazi kuhusu "watu wanaozungumzika." Njia yako ina mizani ya Athi River na ya Gilgil, na mzigo wa kurudi unapimwa pia. Gari lililozidisha linasimamishwa, linatozwa, na mzigo wa ziada unapakuliwa kwa gharama yako. Biashara inayosimama kwa hongo ina bei isiyojulikana kesho itakuwa ngapi, na anayeipandisha bei si wewe. Tena siku ajali ikitokea, jambo la kwanza litakaloulizwa ni gari lilikuwa na tani ngapi, na jina litakaloandikwa hapo ni lako, si la shemeji wala la aliyezungumza naye. Hili usilijaribu hata safari moja.

Hesabu hizi zote zimeegemea ile kilo 9,500 ya logibuku, na mimi siiamini mpaka nione tikiti ya mizani. Trela iliyobeba vyuma miaka mingi huwa imeongezewa mabati ya sakafu, nguzo za pembeni, viraka vya kuchomelea. Azima au kodi kichwa chochote, peleka trela kwenye mizani ya kibinafsi, Nakuru ziko kwenye viwanda vya unga na kwenye maghala. Pima vyote viwili pamoja, kisha achia trela upime kichwa peke yake. Tofauti ndiyo uzito wa trela yako. Kabla ya kuachia, simamisha ekseli za trela peke yake juu ya mizani, usome hapo pia, ndipo utajua trela tupu inalaza kiasi gani mgongoni. Ikitokea kwamba ina tani 10.5, mifuko 600 inakufikisha 50 kamili bila hata nafasi ya matope kwenye tairi, na hapo nitakuambia upakie 580. Upangaji nao una maana: jumla inaweza kuwa halali na bado kundi moja la ekseli likazidi kwa sababu mifuko imerundikwa mbele. Safari ya kwanza, pimeni kiwandani kabla ya kutoka getini, na dereva aweke alama kwenye ubavu wa trela mahali rundo linapoanzia.

Nije kwenye mlima, maana yule dereva wako mzee ana haki kabisa, ila hakukueleza. Ukitoka Nakuru, ambako ni mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, unapanda Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400. Chukua mahali ambapo barabara inapanda mita 6 kwa kila mita 100. Tani 50 zikivutwa na injini ya farasi 380 zitapanda hapo kwa kilomita kama 27 kwa saa. Ukiweka farasi 430, zitapanda kwa kama 31. Hiyo ndiyo tofauti nzima anayoipigania shemeji, kilomita nne kwa saa kwenye mlima.

Kushuka ndiko kunanikosesha usingizi. Ukitaka kuzishikilia tani hizo 50 zisizidi kilomita 40 kwa saa kwenye mteremko wa namna hiyohiyo, nguvu inayohitajika kuzizuia ni kilowati 290 hivi, ambayo ni sawa na farasi 390. Yaani unahitaji nguvu ya kuzuia inayoizidi injini nzima ya kichwa cha Eldoret, mfululizo, dakika baada ya dakika. Breki za dramu hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Zinachemka, laining zinapoteza mshiko, dereva anakanyaga pedali na pedali inashuka bila kitu. Lakini akishuka kwa kilomita 20 kwa saa, nguvu inayohitajika ni nusu, na hapo gia ya chini pamoja na breki ya injini vinaweza kufanya kazi kubwa huku breki za miguu zikipumzika.

Kwa hiyo ukienda Eldoret, usiangalie kiti kilichochanika. Uliza breki ya injini ni ya aina gani na kama inafanya kazi. Mwambie dereva wako akijaribu kwenye mteremko halisi, aiwashe kwenye gia ya chini bila kukanyaga chochote, aone kama gari linashikika. Kichwa chenye retada, yaani kifaa cha ziada kinachopunguza mwendo bila kutumia breki za miguu, ni bora zaidi, na ukikipata kwa bei iliyo karibu na hiyo, kichukue hata kama farasi wake ni wachache. Fikiria njia yako: mteremko wa kutoka Rironi kuingia Mai Mahiu ukiwa na saruji, kutoka Kericho kushuka Kipsitet hadi Awasi, unaacha mita kama 2,000 unaingia karibu na 1,200, na ukirudi na sukari, kutoka Sachangwan kuja Salgaa. Makutano ya Londiani, ambako lori lilitoka barabarani jioni ya Juni 30, 2023, na zaidi ya watu 50 wakafariki, yako kwenye njia hiyohiyo utakayopita kila wiki. Kina mama waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara wangeweza kuwa wateja wako.

Kuna jambo jingine la mlima: mshiko. Kichwa cha difu moja kikiwa na tani 42 zake halali, uzito ulio juu ya magurudumu yanayosukuma ni tani 10, chini kidogo ya robo ya gari lote. Cha difu mbili kina 18 kati ya 50, zaidi ya theluthi. Mvua ya Aprili ikinyesha Mau na barabara ikawa na matope ya waliokuwa wakikarabati, kile cha kwanza kitaanza kuzungusha tairi pale pale wakati cha pili kinaendelea. Ndiyo maana wakandarasi wa barabara hununua difu mbili. Utaonyeshwa pia vichwa vya Uingereza vyenye ekseli mbili nyuma ambazo moja tu ndiyo inayosukuma, nyingine ni ya kubeba. Ni magari mazuri kwa lami kavu, lakini usiuziwe kama difu mbili. Inama uangalie: kila ekseli inayosukuma ina tumbo la difu katikati na shafti inayoingia.

Ukiwa umeinama huko, hamia mlangoni. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibati chenye uzito wa juu wa kichwa, uzito wa juu wa kichwa na trela pamoja, na uzito wa kila ekseli. Soma ile ya pamoja. Uingereza gari la ekseli tano linaruhusiwa tani 40, hivyo usishangae kuona 40,000 au 44,000 kwenye kichwa cha Nakuru. Wewe unatafuta 50,000 au zaidi. Ikiwa kibati cha Eldoret kinasoma chini ya hapo, basi sheria ya barabara ikuruhusu isikuruhusu, mtengenezaji mwenyewe amesema hapana, na mimi namsikiliza mtengenezaji. Kichwa kilichozoea barabara kuu tambarare pia huwa na difu ya mbio, uwiano (mizunguko ya shafti kwa kila mzunguko mmoja wa tairi) ulio chini ya 3. Kwa milima yetu na tani zako, afadhali uwiano wa 3.7 au zaidi, ambao unapunguza kasi ya juu, na kasi ya juu huihitaji kwa sababu gavana, kile kifaa cha kudhibiti mwendo, inakufungia kwenye kilomita 80 kwa saa.

Fifwili nayo ina kibati chake kidogo pembeni, mara nyingi kimefunikwa na grisi ya miaka. Kipanguse. Kina herufi U na tani zake, ambao ni uzito inaoruhusiwa kubeba, na herufi D na kilonyutoni zake, ambazo ni nguvu ya mvutano. Kwa mzigo wako, mgongo utabeba tani kama 15.5 na D inayohitajika ni karibu 119. Fifwili nyingi za kawaida za kingpini ya inchi 2 zina D ya 150 hivi, kwa hiyo sitarajii shida, mradi iwe ya awali na si iliyochomelewa upya gereji.

Sasa geuka kwenye trela yenyewe, maana umeshainunua na ndiyo itakayoamua mengi. Mwambie fundi aifute kingpini kwa tambara lenye mafuta ya taa mpaka chuma kionekane, kisha apime kwa vernia sehemu nyembamba ya shingo yake. Kingpini ya inchi 2 ikiwa mpya ina milimita 50.8. Ikifika 49, inabadilishwa, hakuna mjadala. Apime pande mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia, kwa sababu inalika zaidi upande wa kuvutwa na duara linakuwa yai. Ikiwa ni ya inchi 3.5, ambayo huwekwa kwenye matrela ya mizigo mizito sana, itabidi fifwili iwe ya kipimo hicho. Usikubali ushauri wa kuweka bushi ili zitoshane. Kisha apitishe rula ndefu chini ya sahani inayozunguka kingpini. Ikiwa imebonyea, uzito unalala mahali pamoja na usukani utakuwa mzito kwenye kona.

Halafu shingo ya trela, pale boriti kuu zinapopungua kimo kuelekea mbele. Trela ya vyuma ikichoka huchokea hapo na kwenye mabano ya springi. Ufa mdogo hauonekani kama ufa. Unaonekana kama uzi wa kutu uliopita katikati ya rangi, na rangi kando yake imeinuka kama gamba. Ukiona rangi mpya sehemu hizo tu na kwingine rangi ya zamani, kwangua. Ukikuta ufa kwenye boriti kuu, simamisha mambo yote mpaka mtu anayejua kuchomelea chuma cha chasi auangalie, si welda wa milango.

Vipimo vitatu vya utepe vinaweza kukuokoa aibu ya siku ya kwanza. Pima kutoka kingpini hadi kona ya mbele ya trela. Matrela ya Ulaya hayazidishi mita 2.04 hapo, na ikizidi, kona itagonga kabini dereva akikata. Pima kutoka kingpini hadi miguu ya trela, kwa sababu kichwa cha difu mbili ni kirefu nyuma na tairi zake zinaweza kugusa miguu. Na pima kimo cha sahani ya trela ikiwa imelala sawa, ulinganishe na kimo cha fifwili. Vichwa vingine vya Uingereza vina kimo kifupi kwa makusudi, na trela ikiinamia mbele, ekseli zake tatu hazigawani uzito sawasawa. Hosi za upepo na soketi za umeme fundi atazilinganisha kwa muda mfupi, ila aangalie zote ni volti 24.

Kuhusu karatasi nitakuwa mfupi. Trela ina namba yake inayoanza na Z na logibuku yake, ihamishwe kwa jina lako NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla haijabeba mfuko hata mmoja, na iwe na ukaguzi na bima yake. Leseni ya dereva iwe na daraja la CE. Mzee wako bila shaka analo, lakini tazama kwa macho yako.

Upande wa fedha, ukweli uwe ukweli. Mifuko 100 ya ziada kwa shilingi 110 ni shilingi 11,000 kila safari. Ile laki saba ya tofauti inarudi kwa safari kama 64, na nyingine zaidi, kwa sababu difu mbili inakunywa dizeli zaidi na ina tairi kumi badala ya sita. Kwa hiyo kichwa cha Eldoret hakitakutajirisha mwaka huu. Unakinunua kwa sababu umeshaahidi mifuko 600 na una trela nzito. Na kikishindwa ukaguzi, usikimbilie kile cha Nakuru kwa hasira. Kinaweza kukufaa, lakini kwa mifuko 500 tu, kibati chake kikiwa kinafika tani 42, na wakandarasi wako wakiambiwa mapema. Hiyo pia ni biashara halali. Kitu kisichowezekana ni kununua kichwa cha 500 na kukitumia kwa 600.

Na shemeji. Dada, mtu aliyekudhamini ameweka akiba yake rehani kwa ajili yako, na laki saba zaidi inamwogopesha kwa haki. Usimpelekee maneno ya dereva wala yangu, yatamfanya ajione ameshindwa na watu wa nje. Mpeleke kwenye mizani. Mwombe akusindikize Nakuru siku ya kupima trela, awe ndiye anayezisoma namba na kuziandika. Kisha mwambie kitu kama hiki: "Shemeji, jina lako liko kwenye mkopo huu pamoja na langu. Nisaidie kupiga hesabu ya tani kabla hatujachagua, maana ikisimamishwa Gilgil ni sisi wote wawili." Mpe kalamu. Nimeona wanaume wengi wakibadili msimamo bila kuaibika pale wanapoifikia namba kwa mkono wao wenyewe.

Mwenye yadi akikupigia kabla ya Ijumaa, mjibu kwa upole kwamba unasubiri tikiti ya mizani. Akikuambia kuna mteja mwingine, mtakie heri.

Ukishapata tikiti na picha za vile vibati viwili vya Eldoret, cha mlangoni na cha fifwili, niandikie tena kabla ya kusaini. Nitazipiga hesabu upya kwa uzito halisi wa trela yako.